Barua ya wazi kwa wazazi ambao watoto wao wanaigiza

Wanangu,

Nawaandikia ninyi akina baba na akina mama ambao watoto wenu wako kwenye tamthilia na matangazo ya biashara, na hasa ninyi mnaowarekodi wenyewe nyumbani kwa simu, video zikatazamwa na maelfu ya watu. Sikuja kugomba. Mtoto mwenye kipaji ni neema, na mzazi anayekiibua hajakosea. Nataka niwasimulie habari za mtoto mmoja wa Marekani, kisha nina ombi.

Jackie Coogan alizaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914. Baba na mama wote walikuwa wasanii wa jukwaani, na mtoto akapandishwa jukwaani angali mdogo sana. Mwaka 1919 Charlie Chaplin, mchekeshaji na mtengenezaji filamu maarufu, alimwona huko, akamtaka kwa filamu zake. Enzi hizo filamu zilikuwa bubu. Hakuna sauti ya mwigizaji iliyosikika ukumbini, kwa hiyo uso na mwili ndivyo vilivyosema kila kitu, na Jackie alikuwa na kipawa cha kuiga alichoonyeshwa kana kwamba alizaliwa nacho.

Filamu iliyomtangaza ni The Kid, ya mwaka 1921. Humo yeye ni mtoto aliyetupwa akaokotwa na kulelewa na fukara. Anapita mitaani akivunja vioo vya madirisha ya watu kwa mawe, halafu baba mlezi anatokea amebeba vioo mgongoni, kana kwamba ni bahati tu, anapata kazi. Watu walicheka sana. Kisha wakaja maofisa wa makao ya yatima kumchukua mtoto, na yule aliyecheka akajikuta anafuta machozi.

Kilio cha mtoto katika tukio hilo kina habari yake, ambayo Chaplin mwenyewe aliisimulia katika kumbukumbu za maisha yake. Siku ya kupiga picha mtoto alikuwa na furaha, machozi hayaji. Baba yake akasema niachieni mimi. Akamtishia mwanawe kwamba asipolia ataondolewa studio na kupelekwa kwenye makao ya maskini ya kweli. Mtoto akaangua kilio, kamera ikachukua. Walipomaliza, Chaplin akamkumbatia na kumtuliza kwamba hakuna atakayemchukua. Jackie akamjibu kwa kunong'ona kwamba alijua baba anatania tu.

Hapo, wanangu, ndipo moyo wangu hunisimama kila ninaposoma habari hii. Mtoto ametishwa hadi kulia, na bado anamwamini aliyemtisha. Mtoto hakagui mkataba wala haulizi malipo yameenda wapi. Amewakabidhi ninyi vyote.

Fedha zikaja kwa kishindo. Studio ya filamu ya Metro ilimchukua kwa mkataba uliopita dola milioni 1. Sura yake iliuza wanasesere na hata siagi ya karanga. Mwaka 1924 alisafiri kuchangisha msaada kwa yatima wa Mashariki ya Karibu, wakiwemo Waarmenia, akapokelewa na Papa Pius XI. Alikuwa hajatimiza miaka 10! Nyumbani, mtoto huyohuyo alipewa dola 6 na senti 25 kwa wiki za matumizi yake. Wazazi wengi wangeliona hilo kuwa malezi mema, nami sina neno nalo, maadamu zilizobaki zinawekwa mahali kwa jina lake.

Hazikuwekwa. Mei 1935 gari alilokuwamo Jackie na baba yake lilipata ajali wakirudi kutoka Mexico. Walikuwa watu watano. Akapona Jackie peke yake. Oktoba mwaka huo akatimiza miaka 21, umri wa mtu mzima kwa sheria ya huko, akaulizia mali yake. Baadaye mama yake aliolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa msimamizi wa fedha za familia. Jibu lilikuwa kwamba hana chake. Mwaka 1938 akawashtaki. Ilikadiriwa alikuwa ameingiza kati ya dola milioni 3 na 4, na nyingi zilikwisha kwenye manyoya, almasi na magari. Mama alijitetea kwamba hakuna aliyewahi kumwahidi Jackie chochote, na sheria ya California ilikuwa upande wake: mapato ya mtoto yalikuwa mali ya mzazi. Jackie aliambulia kama dola 126,000.

Mtasema mama alikuwa mbaya. Mimi naangalia zaidi huko nyuma, kwa baba. Kama alikuwa na nia njema kwa mwanawe, nia hiyo ilizikwa naye, kwa sababu haikuandikwa popote ambapo mtoto angeweza kuidai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1939 California ilitunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, iliyopewa jina la Coogan. Ilikuwa na mianya mingi, na marekebisho ya mwaka 2000 ndiyo yaliyoweka wazi kwamba mapato ya mtoto msanii ni ya mtoto, na kwamba asilimia 15 lazima iende kwenye akaunti ya amana hadi akue. Kuanzia Julai 2024 jimbo la Illinois limewaingiza pia watoto wanaoonekana kwenye video za mtandaoni za wazazi wao, na California ikafuata mwaka 2025. Maana yake ni ninyi hasa, ingawa ninyi hamko huko.

Najua wapo kati yenu ambao fedha ya tangazo la mtoto ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba mwezi uliopita. Siwalaumu, nyumba ni yake pia. Ila muandike. Nunueni daftari la kawaida: tarehe, kazi, aliyelipa, kiasi, nauli na nguo zilizotoka humo. Kisha katika kila laki moja, elfu kumi na tano iwekwe benki kwa jina la mtoto kabla hamjagusa nyingine. Shangazi au mjomba mmoja aonyeshwe daftari hilo na ajue akaunti iko benki gani, ili likitokea la kutokea mtoto awe na shahidi. Mtoto akiweza kusoma, lisomeni pamoja naye.

Ambao hamjaanza, nendeni benki wiki hii na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chenu. Mkifika dirishani, ulizeni kwanza nani ana ruhusa ya kutoa fedha kwenye akaunti ya mtoto, na msisaini mpaka mjibiwe.

Ni mimi, mzee wenu