Taa ya T-BELT haijawaka, mkanda wa nini?

Wiki iliyopita mteja ametoka gerejini kwetu amenuna. Hilux yake ya mwaka 2003, injini 5L, inasoma kilomita 71,000, nasi tulimshauri abadilishe taimingi belti, yaani mkanda wa meno unaotoa mzunguko kwenye krenki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) kwenda kamshafti (mhimili wa juu unaofungua valvu). "Mnataka kunipiga. Taa haijawaka hata siku moja!"

Maneno haya hapa Tabora tunayasikia kila mara, na yanatuuma.

Taa ile ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita. Zikifika 100,000 inawaka. Miaka haiijui. Mkanda ni mpira wenye nyuzi ndani, na mpira unazeeka hata gari likilala chini ya mwembe. Joto la injini linaukausha, sili ya krenki (mpira wa kuzuia oili isitoke) ikivuja, oili inaulainisha, mwisho meno yananyofoka. Sisi mkanda ukivuka miaka 10 hatuuamini tena, kilomita ziwe chache vipi.

Kuna mzee mstaafu alikuwa na Hilux kama hiyo, ya kwendea kanisani na shambani tu. Alikataa kubadilisha mkanda, akampelekea kijana mmoja afungue kava aangalie kwa macho. Akaambiwa mkanda mzima. Ukamkatikia njia ya Sikonge. Kwenye dizeli hizi pistoni inapanda hadi karibu kabisa na hedi (kichwa cha injini), kwa hiyo kamshafti ikisimama, valvu (vilango vya hewa na moshi) zilizobaki wazi zinagongwa. Zake kadhaa zilipinda. Gari likavutwa, hedi ikapanda basi kwenda Mwanza, akakaa wiki tatu bila usafiri.

Bei nayo inalalamikiwa. Mkanda wenyewe si ghali, unalipia kazi: kulinganisha alama za krenki, kamshafti na pampu ya dizeli, kisha kuzungusha injini kwa spana mizunguko miwili kabla ya kugusa swichi. Alama zisiporudi mahali pake tunafungua upya, na hatukudai nyongeza.

Beringi ya tensheni, ile inayokaza mkanda, tunabadilisha pamoja na mkanda. Mwenye RAV4 ya injini 3S alitukatalia, akataka mkanda peke yake. Miezi michache baadaye beringi ya zamani ikaanza kulia, tukafungua kila kitu tena, akalipa ufundi mara mbili. Kwenye 3S hata wota pampu (ya maji ya kupoza injini) inazungushwa na mkanda huohuo, ikivuja ni kufungua kulekule.

IST na Vitz za injini 1NZ zina cheni badala ya mkanda. Fundi akikudai hela ya taimingi belti ya IST, mkatalie.

Fungua boneti utafute kibandiko cha Kijapani chenye tarehe na kilomita za kubadilisha mkanda. Mwaka ukiandikwa 18 ni wa Heisei, enzi ya mfalme katika kalenda ya Kijapani, jumlisha 1988 upate 2006. Gari la mteja wetu wa wiki iliyopita halina kibandiko, na yeye hana risiti yoyote. Kwetu huo ni mkanda wa kiwandani, wa miaka zaidi ya 20. Namba yake tunayo, na kesho tutampigia tena.