Bustani za mtaa tuachieni, watoto wana hazina ya kutafuta

Mhariri, naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu. Wikendi watoto wamejifungia ndani na simu mpaka macho yanawauma, na simu hiyo hiyo ingewatoa nje. Kuna mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa kwa kuongozwa na simu, unaitwa jiokashi, ulianza Mei 2000 baada ya Marekani kuacha kuvuruga ishara za jipiesi, yaani setilaiti zinazokuonyesha mahali ulipo, kwa raia, jamaa mmoja akaficha ndoo msituni Oregon akatangaza kwenye intaneti mahali ilipo, watu wakaenda kuitafuta. Leo vikopo viko dunia nzima, hata hapa Nairobi vipo.

Nilitoka na wangu wawili, wa miaka 4 na 6, mpaka bustani ya mtaa, mwendo wa dakika 10 tu kwa miguu. Chini ya miti simu inakosea mahali hata kwa mita 10, basi kazi ikabaki kwa macho yao, na mdogo ndiye aliyeona kopo limefunikwa na mawe kwenye mzizi! Ndani karatasi ya kuandika jina na gololi moja. Ukichukua kitu unaacha kingine, akaacha kifungo chake chekundu bila kulia, tukalirudisha pale pale.

Sasa kaunti, tafadhali, hizo bustani ndogo za mtaani msizigeuze maegesho ya magari.

Mama wa wawili, Nairobi