Paa la Bibi Kabla ya Vuli: Wito wa Harambee wa Konferensi ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zetu wanaparokia, mlio hapa nyumbani na mlio mbali kikazi.

Tunawaandikia tukiwa na haya usoni. Mwezi wa nne, masika yalipopamba moto, wanachama wetu wawili walipanda hadi kigango cha juu kumtembelea bibi mmoja ambaye Konferensi yetu, yaani kikundi cha waumini wanaowatembelea maskini majumbani, humpelekea unga, maharage na sabuni. Jina lake hatulitaji, kwani siri ya tunaowatembelea haitolewi hadharani, na wengi wenu mnamjua. Walimkuta ameketi pembeni mwa chumba, wajukuu zake watatu wamejibanza kwake chini ya turubai moja. Masufuria, ndoo, hata beseni la kuogea, vyote vilikuwa sakafuni vinakinga maji. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani ili godoro lisilowe. Kigoda kilichobaki kikavu kilikuwa kimoja, na bibi aliinuka akampisha mgeni.

Wakasali naye, kama tufanyavyo siku zote. Walipomaliza, mjukuu wa kati, wa darasa la pili, akamwuliza mzee wetu, "Babu, sasa mvua haitaingia tena?"

Mzee hakuwa na jibu. Unga aliokuja nao, kilo tano, ulianza kulowa kabla hajaaga.

Swali la mtoto huyo limetukaa moyoni tangu siku ile, na sisi Wavinsenti tunalo la ziada la kutufanya tulisikie, maana chama chetu chenyewe kilizaliwa na swali la namna hiyo. Wengi mnatuona tukipita na mifuko mkidhani sisi ni kamati ya parokia tu. Hebu tuwasimulie.

Mwaka 1831 kijana mmoja wa Lyon aitwaye Frédéric Ozanam alikwenda Paris kusomea sheria. Baba yake alikuwa daktari aliyewatibu maskini. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia Paris na kuua watu zaidi ya 18,000, wengi wao wakazi wa vichochoro vya mafukara. Ozanam na wenzake wanafunzi walikuwa na mikutano ya mijadala, wakiitetea imani yao mbele ya vijana waliokuwa wameligeuzia Kanisa kisogo. Walijua kusema. Ila siku moja wafuasi wa mafundisho ya Saint-Simon, mwanafikra Mfaransa wa ujamaa, wakawatupia swali ambalo ufasaha haukuweza kulijibu: ni kweli Ukristo ulitenda mema zamani, lakini ninyi leo, katika mji huu, mnafanya nini?

Lile swali liliwachoma. Inasimuliwa kwamba Ozanam na rafiki yake Auguste Le Taillandier walibeba kuni zilizokuwa zimewabakia za kuotea moto wakampelekea mtu maskini. Hawakuanza na katiba wala muhuri. Walianza na kuni, tena zao wenyewe.

Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, walikutana katika ofisi ya gazeti la Emmanuel Bailly, karibu na kanisa la Saint-Sulpice. Walikuwa saba: Ozanam, Le Taillandier, Paul Lamache, François Lallier, Félix Clavé, Jules Devaux, na Bailly mwenyewe, mtu mzima mwenye familia, ambaye ndiye waliyempa uenyekiti. Hawakujua hata waanzie nyumba ipi. Ikabidi waende kwa Sista Rosalie Rendu, mtawa wa shirika la Mabinti wa Upendo aliyewahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard, naye akawapa majina ya familia za kutembelea pamoja na hati za kuchukulia mkate na nyama. Akawafundisha kwamba maskini hufuatwa nyumbani kwake, na heshima humtangulia mgeni mlangoni. Sista Rosalie alitangazwa Mwenyeheri, hatua ya kabla ya Mtakatifu, mwaka 2003. Ozanam alimtangulia mwaka 1997.

Kuna jambo la mikutano ile ya kwanza tunaloomba mlitie maanani. Devaux, mweka hazina, mkutano ukiisha alizungusha kofia. Kila mmoja alitia mkono, akatoa alichonacho, na asijue mwenzake katoa kiasi gani. Walikuwa wanafunzi, vipato vyao vilikuwa vidogo, na mwenye sarafu moja hakupaswa kuaibika mbele ya mwenye kumi. Kofia hiyo bado inazunguka katika kila konferensi duniani, na hapa kwetu huzunguka kila Jumapili baada ya Misa ya pili.

Mwaka 1834 walichukua jina la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameshapita mia moja. Ozanam akashauri wagawanyike ili wafike mitaa mingi zaidi, na wapo walioumia sana kwa kuogopa kwamba udugu utavunjika. Haukuvunjika. Mwaka 1835 walipata kanuni yao, na chama kikafika Nîmes, 1836 kikafika Roma, 1844 Dublin, 1845 St. Louis, Marekani. Ozanam alikuwa ameshakuwa profesa wa Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, mume na baba, na bado alipanda ngazi za nyumba za maskini hadi afya ilipomshinda. Alifariki Marseille tarehe 8 Septemba 1853, akiwa na miaka 40.

Hapo tunasema na wanaume wa parokia hii, kwa upendo na bila kuficha. Kwa zaidi ya miaka mia moja hiki kilikuwa chama cha wanaume. Leo katika Konferensi yetu wanachama hai ni 11, na wanaume ni watatu tu. Wanaopanda kile kilima na ndoo za unga kichwani ni akina mama. Wakati wa matangazo ndugu zetu wengi wanatoka kwenda kusimama chini ya mwembe. Baba zetu, kaka zetu, ninyi wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, tunawahitaji. Michango yenu tunaiomba, lakini na mabega yenu pia, kwa sababu gari haifiki kwa bibi na mabati yatabebwa na watu kutoka barabarani.

Wala hatuombi jambo lisilowezekana. Nyumba ya mapadre tuliiezeka kwa harambee ya Jumapili moja, na WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, walibeba saruji vichwani tangu asubuhi. Kinanda cha kwaya kilipatikana ndani ya wiki tatu. Parokia hii haijawahi kushindwa ilipoamua. Tungeona aibu kubwa, mbele ya Mungu na mbele ya yule mtoto, kama paa la mjane lingekuwa ndilo la kutushinda.

Fundi amekwenda kupima. Miti ya juu imeliwa na mchwa, hivyo kubadilisha mabati peke yake ni kupoteza fedha. Lazima kenchi zote zishuke. Mabati 40 ya geji 28 ni shilingi 1,320,000. Mbao 780,000. Misumari, waya na kofia za bati 190,000. Saruji mifuko 12 ya kurekebisha ukuta ulioanza kupasuka 198,000. Ufundi 450,000, na usafiri hadi chini ya kilima 150,000. Jumla ni shilingi 3,088,000. Kofia yetu ya Jumapili imeshatupa 512,000, kwa hiyo tunatafuta 2,576,000. Mwenye mabati mazima yaliyobaki baada ya kujenga, au mbao kavu, tutapokea kwa furaha na kuondoa gharama yake kwenye hesabu.

Harambee itakuwa Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 9 Septemba, ambayo ni kumbukumbu ya Mwenyeheri Ozanam. Tumechagua wakati huo kwa sababu vuli huanza Oktoba na bibi hawezi kukaa msimu mwingine chini ya turubai. Tumeamua, na Baba Paroko ameridhia, kwamba majina ya watoaji na viwango vyao havitasomwa. Tunajua tumezoea kutangaza na kupigiana makofi, na kwa mambo mengine si vibaya. Kwa paa hili tutazungusha kofia kama Devaux. Mwenye mia tano atumbukize mkono sawasawa na mwenye laki. Walio mbali watatuma kwa namba ya malipo ya parokia iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika kila jumuiya ndogo ndogo. Andikeni neno "paa".

Fedha zitashikwa na mweka hazina wa parokia, wala si sisi. Hakuna kitakachotolewa bila sahihi tatu. Risiti zote zitabandikwa ubaoni ndani ya siku 14 baada ya kazi kukamilika, na kikibaki chochote kitakwenda kwenye nyumba ya pili katika orodha yetu, ambayo dari yake nayo imeshaanza kushuka.

Kazi yenyewe ni Jumamosi itakayofuata harambee. Tutakutana kanisani saa kumi na mbili asubuhi, tusali, tupande. Vijana Wakatoliki wa VIWAWA wameahidi kuchota maji, na akina mama wa jumuiya ya jirani watapika uji na makande. Mwenye nyundo aje nayo. Mwenye ngazi ndefu tafadhali amwone katibu mapema, kwa sababu ya kwetu imevunjika vipago viwili na fundi amekataa kuipanda.