Mikataba ya umeme isomwe kabla ya kusainiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu kampuni za kigeni katika sekta ya umeme. Wachangiaji wengi huzungumza kana kwamba jambo hili lilianza na mageuzi ya miaka ya 1990, ilhali Tanganyika ilipopata uhuru ilikuta umeme wake tayari umo mikononi mwa kampuni za nje.

Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilikabidhi huduma hiyo kwa kampuni mbili binafsi, DARESCO ya Dar es Salaam na TANESCO, ambayo leo ndiyo shirika la umeme la taifa, na mwaka uliofuata kampuni ya East African Power and Lighting ya Nairobi ikachukua hisa nyingi za TANESCO. Huku kwetu Tanga, mitambo ilifungwa kwenye maporomoko ya Mto Pangani, na umeme wake ukaelekezwa mjini na kwenye mashamba ya mkonge, ambako korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zilihitaji nguvu kubwa na wenye mashamba walikuwa na fedha za kulipa. Mwanakijiji hakuwamo katika hesabu hizo, na sioni ajabu, kwa kuwa hapakuwa na sharti lolote lililoilazimisha kampuni kumfikishia nguzo. Serikali ilianza kununua hisa mwaka 1964, na kufikia 1975 shirika lote likawa mali ya umma.

Hata hivyo wageni walirudi, safari hii wakiwa wauzaji wa umeme. Mwaka 1995, tukiwa tumebanwa na ukame na mgawo, TANESCO ilisaini mkataba wa miaka 20 na IPTL, kampuni yenye wanahisa kutoka Malaysia, kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. Mkataba huo ulitaka mtambo ulipiwe kila mwezi kwa kuwa upo tu, uwashwe au usiwashwe. Baadaye ikabainika kwamba injini zilizofungwa zilikuwa za aina nyingine, tofauti na zile zilizokubaliwa, na ni baada ya shauri kufika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa ndipo gharama zilipopunguzwa. Naliona hili kuwa funzo chungu kuliko yote, kwani kasoro iliyoweza kugunduliwa na mhandisi mwenye nakala ya mkataba mkononi ilitugharimu miaka ya kesi.

Majirani zetu wa Uganda nao waliikabidhi kampuni binafsi iitwayo Umeme kazi ya usambazaji mwaka 2005. Haki isemwe: wateja waliongezeka sana na upotevu wa umeme ukapungua. Lakini muda wa mkataba ulipokwisha mwezi Machi 2025, serikali ililipa fidia ya dola milioni 118, kampuni ikadai zaidi, na mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London.

Kwa hiyo, kabla hatujakubaliana na mwekezaji yeyote, awe wa kujenga njia za msongo mkubwa au wa kuzalisha, naiomba Wizara ya Nishati iweke rasimu ya mkataba hadharani walau miezi mitatu kabla ya kusainiwa, ikiwa kwa Kiswahili, ikionyesha malipo tutakayodaiwa mitambo ikiwa imezimwa, vijiji vitakavyofikiwa na mwaka wa kufikiwa, na namna fidia itakavyokokotolewa siku ya kuagana. Wabunge nao wadai kuiona rasimu hiyo kabla ya kupitisha bajeti ya wizara.

Msomaji wako,
Tanga