Usilipe kabla ya kuiwasha kwa flashi

Kampala

Ndugu yangu Kassim,

Salamu nyingi, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Nimefurahi kusikia ameanza kwenda msikitini tena.

Sasa hii habari ya laptopu. Ile uliyonitumia picha, yenye taa za rangi kwenye kibodi na kadi ya picha ya Nvidia, iache. Inamfaa mtu wa michezo. Wewe kazi yako ni kuandika programu na kupiga hesabu za duka, tena unataka Linux peke yake, ule mfumo wa bure badala ya Windows. Mashine za namna ile zina kadi mbili za picha zinazopokezana, na hapo ndipo usumbufu unapoanzia: betri inakwisha upesi, na kerneli, yaani moyo wa Linux, ikisasishwa, draiva (programu inayoiendesha kadi) nayo inaweza kugoma. Mambo yametulia kiasi tangu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoinyooshea Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera kule Finland mwaka 2012, lakini kwa nini ununue kesi isiyokuhusu?

Kwa hiyo milioni moja na nusu yako, mimi ningetafuta mtumba wa ofisini: ThinkPad T480, au HP EliteBook 840 G5. Zote ni za 2018. Utaambiwa T470 ni ileile kwa bei ndogo. Si ileile: prosesa ya i5 ya T470 ina viini viwili, ya T480 ina vinne. Lakini mfuko ukikaza, T470 nayo itakubeba. Prosesa yake haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, kwa hiyo watu wa Windows hawaitaki tena. Linux haina habari na hayo.

T480 ninaipendea betri. Moja imo ndani, nyingine inapachikwa chini, na hiyo ya chini unaichomoa na kuweka nyingine huku mashine inawaka. Kwa umeme wa huko Arua utanishukuru. RAM yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, pia ina nafasi mbili, unaongeza ukipata pesa. Angalia tu usiuziwe T480s; ile ni nyembamba na inapendeza, ila sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi.

Dukani usitoe hata shilingi kabla ya kuiwasha kwa flashi. Flashi ninayo, ina Linux Mint, usimalize bando lako kupakua karibu gigabaiti 3. Kwenye ThinkPad unabonyeza F12, kwenye HP ni F9, na Mint inawaka bila kugusa diski. Unganisha Wi-Fi kwa simu yako. Kadi ya Wi-Fi ikiwa ya Intel, huna wasiwasi. Ikiwa ya Broadcom, ujue utatafuta draiva. Piga wimbo, fungua kamera, kisha funga kifuniko na usubiri kidogo. Ukifungua, iamke mara moja. Kuna zinazolala zisiamke, na muuzaji atakwambia ni joto! Halafu fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika upower -d, na ulinganishe energy-full (chaji ambayo betri inabeba sasa) na energy-full-design (iliyoundwa kubeba ikiwa mpya). Namba ya kwanza isipofika nusu ya ile ya pili, hesabu na bei ya betri mpya. Kisoma alama za vidole cha T480 usikitegemee, kwenye Linux hakifanyi kazi hivihivi.

Ingia pia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, F1 kwa ThinkPad na F10 kwa HP. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani hata kama bei ni ya bure. Hiyo bado ina mwenyewe, au kampuni iliyoiuza ilisahau kuifungua, na wewe huwezi kujua ni lipi.

Jambo dogo ila linaudhi: nyingi zinatoka Ulaya, na za Ujerumani zina Y mahali pa Z. Wengine wanabandika stika juu ya vitufe. Pitisha ukucha, utazisikia.

Panda basi la usiku, ufike siku ya kazi, maana Jumapili maduka mengi ya Kampala Road yamefungwa. Bei niachie mimi. Wewe shika mashine, kunja uso, na usimwambie mtu umetoka Arua.

Ni mimi,
Salimu