Viwanja vya watoto vinahitaji waamuzi wa kujitolea

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikie wazazi, walimu na wachezaji wa zamani wa mji wetu wa Lubumbashi. Kila likizo kubwa inapoanza, viwanja vya mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi hujaa timu za watoto katika vumbi la kiangazi. Jezi hupatikana, mpira hupatikana, hata mfadhili wa kombe hupatikana, lakini mwamuzi hutafutwa pembeni mwa kiwanja wakati timu zimekwisha kupanga safu, na mara nyingi anayekabidhiwa filimbi ni mjomba wa mchezaji fulani au kocha wa timu mojawapo. Mji wa TP Mazembe, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5, unaweza kuwatendea watoto wake vizuri zaidi.

Sheria za kandanda ni 17, na mtu mzima yeyote anayejua kusoma anaweza kuzipitia. Kazi ngumu ni kuzisimamia mbele ya watazamaji wanaozijua nusunusu. Tangu mwaka 2019, mpira wa goli huwa mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea, hivyo kipa anaruhusiwa kumpasia beki wake aliye ndani ya eneo la penalti. Hata hivyo, bado nawasikia watu wazima wakipiga kelele kwamba urudiwe, na mwamuzi asiyejua hukubali, huku kipa mdogo akiwatazama wenzake asielewe kosa lake. Hali ni hiyo hiyo kwa mpira wa kurusha: anayeupokea moja kwa moja hawezi kuhesabiwa kuwa ameotea, lakini jaribu kuwaeleza hivyo mashabiki ambao timu yao imefungwa kwa njia hiyo!

Sheria hizo hizo zinaruhusu mashindano ya vijana yapunguziwe ukubwa wa kiwanja, uzito wa mpira na muda wa mchezo, na hata mchezaji aliyetolewa arudi tena uwanjani. Kwa hiyo mwamuzi wa watoto ana nafasi ya kufundisha. Mimi humweleza mtoto kwa maneno machache kwa nini nimepiga filimbi, ingawa baadhi ya wenzangu wanaona kwamba ni kupoteza muda.

Nawaalika hasa akina dada, kwa kuwa jirani yetu Salima Mukansanga wa Rwanda alikwisha kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume mwaka 2022, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Waamuzi wazoefu wa mji nao nawaomba watutengee saa chache wakati wa likizo, watuonyeshe mahali pa kusimama wakati wa kona na jinsi ya kukimbia kwa mshazari, mambo ambayo hayafundishiki kwa kusoma peke yake.

Tena, kujitolea kusigeuzwe kuwa mtego. Ikiwa mwamuzi anatoka mbali na anahitaji nauli, timu zote mbili zichange kiasi sawa na kumpa kabla ya mchezo kuanza, mbele ya manahodha wote wawili.

Mwalimu na mwamuzi wa kujitolea,
Katuba, Lubumbashi