Siku za likizo zinaeleza uongozi wa kampuni

Ndugu Mhariri,

Kila mwanzo wa mwaka ofisi nyingi za rasilimali watu hapa nchini huandaa ratiba ya likizo, wakuu wa idara wakaisaini, ikabandikwa ukutani, na kufikia mwezi wa tano hakuna anayeitazama tena. Nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni binafsi kwa muda mrefu, na naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba ratiba hiyo, ikifuatiliwa kwa uaminifu, inaeleza hali ya uongozi wa kampuni kuliko kaulimbiu zote zinazotundikwa mapokezi.

Sheria haina utata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko, yaani kila miezi 12 ya kazi, sikukuu zinazoangukia humo zikiwemo, na inamwachia mwajiri kupanga wakati wake, ilimradi isipite miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Lakini hayo "mahitaji ya kazi" yamegeuka kuwa jibu la kila ombi, na anayeyaandika kwenye fomu ni meneja ambaye mwenyewe hajaenda likizo ya kueleweka tangu apandishwe cheo, tena anajivunia jambo hilo mbele ya walio chini yake. Kijana aliyeajiriwa juzi akimwona mkuu wake anajibu barua pepe akiwa msibani, huhitimu somo siku hiyo hiyo: kuomba likizo ni kujitangaza mvivu.

Anayetaka kuthibitisha achukue fomu za likizo za idara yoyote na kuangalia sehemu ya jina la atakayekaimu. Mara nyingi iko wazi, au limejazwa jina la mtu ambaye hakukabidhiwa chochote. Basi mtunza ghala anafika kwao Njombe jioni, na asubuhi simu inaita: faili la mizigo liko wapi, nywila ya mfumo ni ipi, ufunguo wa kabati amemwachia nani. Wiki ya pili anakatisha likizo na kurudi, na mkuu wake anamsifu mbele ya wenzake kwa moyo wa kujituma. Sifa hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inafunika uzembe wa huyo anayeitoa, ambaye alikuwa na mwaka mzima wa kumwandaa mtu wa pili.

Mabenki mengi yalilielewa hili zamani kwa sababu ya fedha. Huwataka watumishi wa nafasi nyeti wakae nje ya ofisi siku kadhaa mfululizo bila kugusa mfumo, kwa kuwa udanganyifu unaohitaji kufunikwa kila siku hujitokeza pale mwingine anapokalia kiti hicho. Hata pasipo na wizi, utaratibu huo hufichua kazi zinazoishi kichwani mwa mtu mmoja tu, na kampuni hupata nafasi ya kuzirekebisha kabla mtu huyo hajaugua au kuacha kazi.

Wapo waajiri wadogo wanaosema kwamba kwa watu wanane walio nao, akiondoka mmoja kazi inasimama. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, duka la vifaa vya ujenzi linaweza kumpa mtu likizo wakati wa masika, mauzo yanapopungua, badala ya kungoja Desemba ambapo kila mmoja anataka kwenda Moshi au Bukoba.

Nawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanapoketi kujadili mikataba ya hali bora, wasiishie kwenye mishahara na posho, bali wadai makabidhiano ya maandishi kabla ya kila likizo, na kwamba aliye likizo asipigiwe simu za kazi bila idhini ya ofisi ya rasilimali watu. Nacho Chama cha Waajiri Tanzania, ambacho hutoa Tuzo ya Mwajiri Bora wa Mwaka, kingefanya jambo la maana kikimtaka kila mshiriki awasilishe idadi ya siku za likizo ambazo wafanyakazi wake hawajachukua, kuanzia na za mkurugenzi mtendaji mwenyewe.

Wako,
Afisa Rasilimali Watu,
Morogoro